Bundesliga yarudi, Pemba bado yahesabu nauli

JUMAMOSI saa 10:30 za jioni, msimu ukishapamba moto, Chake Chake huwa na mipira miwili. Mmoja uko uwanja wa Gombani, kwenye nyasi bandia, timu za kisiwani zikigombea pointi mbele ya watu waliokaa jukwaani kwa nafasi zao. Wa pili uko mtaani, ndani ya banda lenye mabenchi na runinga, na huko nafasi haipatikani: vijana wamebanana bega kwa bega, waliochelewa wanachungulia dirishani.

Saa hiyo ndiyo saa 9:30 alasiri ya Ujerumani, wakati ambapo mechi nyingi za Bundesliga huanza kwa mpigo mmoja. Kuanzia mwisho wa Oktoba, Wajerumani wakirudisha saa zao nyuma, mechi hizo husogea hadi saa 11:30 na Gombani hupata pumzi. Kabla ya hapo, klabu ya Pemba inayotafuta watazamaji hushindana na Bayern Munich kwa saa moja na mtaa mmoja.

Tuseme kweli: bandani mfalme ni Ligi ya England. Bundesliga ilipata mashabiki wake wa kudumu hapa Afrika Mashariki baada ya StarTimes kuanza kuionyesha mwaka 2015, nao ni watu wa aina yao, wanaojua majina ya mabeki wa Freiburg na hawaombi radhi kwa hilo. Agosti 2025 ilikuwa zamu yao.

Ijumaa ya Agosti 22, saa 3:30 usiku, Isha imeshaswaliwa, mabingwa Bayern walifungua msimu wa 2025/26 nyumbani Allianz Arena dhidi ya RB Leipzig. Timu ni 18, kila moja hucheza mechi 34, na zote kwa jumla ni mechi 306.

Wanaofuata England walikutana na sura wanazozijua. Luis Díaz alikuwa ameondoka Liverpool kwenda Bayern, na Florian Wirtz alikuwa amepita njia hiyo hiyo kwa upande wa pili, kutoka Bayer Leverkusen kwenda Liverpool. Harry Kane, aliyetaniwa miaka mingi kwamba hana kombe, alilipata la kwanza msimu wa 2024/25. Leverkusen, waliochukua ubingwa mwaka 2024 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, walikuwa wamempoteza kocha Xabi Alonso aliyekwenda Real Madrid, na mahali pake akaanza msimu Erik ten Hag, ambaye mashabiki wa Manchester United hawahitaji kutambulishwa kwake. Thomas Müller hakuwapo tena Bayern. Köln na Hamburg walikuwa wamepanda daraja.

Hamburg na sisi

Kama Mzanzibari anatafuta timu ya kushabikia Ujerumani, basi Hamburg ina haki ya kwanza.

Klabu hiyo ilikuwa ndani ya Bundesliga tangu siku ya kwanza mwaka 1963 na haikushuka hadi 2018, na mwaka 2025 ikarudi baada ya misimu saba ya daraja la pili. Lakini mji wenyewe una habari zetu za zamani zaidi. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifanya biashara Unguja katikati ya karne ya 19. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, aliolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaenda kuishi huko mwaka 1867, na majivu yake yamezikwa kwenye makaburi ya Ohlsdorf.

Kisha kuna mkataba wa Julai 1, 1890. Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza, na katika mapatano hayo ikapewa Helgoland, kisiwa kidogo cha mawe mekundu kwenye bahari inayopokea mto wa Hamburg. Wapemba hawakuulizwa. Wa Helgoland nao hawakuulizwa.

Lakini lililonipeleka kwenye historia ya mpira wa Ujerumani si Hamburg. Ni hoja inayozungumzwa kwenye baraza za Wete na Chake kila ligi yetu inapokaribia kuanza: je, Ligi Kuu ya Zanzibar ibaki moja kwa visiwa viwili, au kila kisiwa kirudi kwenye kanda yake?

Ujerumani nayo ilikuwa na kanda

Wengi hudhani Bundesliga ni ya tangu na tangu. Sivyo. Hadi 1963 Ujerumani Magharibi haikuwa na ligi moja ya taifa. Ilikuwa na ligi tano za kanda zilizoitwa Oberliga: Kaskazini, Magharibi, Kusini-Magharibi, Kusini, na Berlin peke yake. Jumla zilikuwa na timu 74. Walioongoza kanda zao walikutana mwisho wa msimu kwa mashindano mafupi, kisha fainali ikampa nchi bingwa wake. Ya mwisho ilichezwa 1963, Borussia Dortmund wakaifunga Köln 3-1.

Msomaji wa Pemba ameshaanza kutabasamu, maana hii ndiyo Nane Bora.

Zanzibar iliwahi kucheza hivyo hivyo. Mwaka 2017 na 2018 Unguja ilikuwa na kanda yake na Pemba yake, timu nne za juu za kila upande zikakutana kwenye Nane Bora, na mara zote mbili JKU ya Unguja ikaibuka bingwa. Baadaye ligi ikaunganishwa. Leo ni ligi moja ya timu 16, inayodhaminiwa na Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar, ZFF.

Wajerumani waliacha kanda kwa sababu zilizo wazi. Kwenye Kombe la Dunia la Chile mwaka 1962 walitolewa robo fainali na Yugoslavia, na wakubwa wa mpira wakasema timu bora za kanda hazipati upinzani wa kutosha kila wiki. Wachezaji wazuri walikuwa wakivutwa na fedha za Italia. Kocha wa taifa Sepp Herberger aliitaka ligi moja kwa miaka mingi, na rais wa Köln, Franz Kremer, aliipigia debe. Julai 28, 1962, mkutano mkuu uliofanyika Dortmund ulipiga kura: 103 wakakubali, 26 wakakataa.

> Timu 74 zilikuwa daraja la juu Ujerumani Magharibi. Ligi moja ilipoanza zilibaki 16.

Hesabu ya hapo ndiyo inayouma. Timu 58 zilijikuta chini bila kushuka daraja uwanjani. Nafasi ziligawanywa kwa kanda: tano Magharibi, tano Kusini, tatu Kaskazini, mbili Kusini-Magharibi, moja Berlin. Miongoni mwa walioachwa nje walikuwa Bayern Munich, kwa kuwa mji wao uliwakilishwa na 1860 München. Bayern walipanda 1965. Wanaodhani Bayern walizaliwa na ubingwa mkononi wakumbuke hilo.

Agosti 24, 1963 mpira ukaanza. Bao la kwanza la Bundesliga alilifunga Timo Konietzka wa Dortmund dhidi ya Werder Bremen kabla ya dakika moja kutimia, na hakuna picha wala filamu iliyolinasa. Siku hizi bao la mchangani Micheweni hurekodiwa kwa simu tatu.

Bahari haina daraja

Tofauti kubwa kati ya kanda za Ujerumani na zetu ni maji.

Timu ya Pemba inayokwenda kucheza Unguja hushuka hadi bandari ya Mkoani au kuondokea Wete, hupanda boti, huvuka mkondo ambao kipindi cha upepo haucheki na mtu, kisha huteremka Malindi mjini. Wachezaji, makocha, mfuko wa jezi na mipira, wote ni nauli. Mechi ikiisha jioni boti imeshaondoka, kwa hiyo kuna kulala na kula. Ndege kutoka uwanja wa Karume, Chake Chake, ni mwendo wa nusu saa tu, lakini kwa klabu ya mtaani ndege ni ya kutazama ikipita.

Na hofu nayo ina bei yake. Hapa hakuna familia isiyojua habari ya MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikitoka Unguja kuja Pemba. Mzazi anayemruhusu mwanawe wa miaka 18 kuvuka na timu mara kwa mara anafikiria zaidi ya pointi tatu.

Timu za Unguja nazo huvuka kuja huku, na nazo hulipa. Lakini mizigo haifanani. Timu nyingi za ligi ziko Unguja, kwa hiyo Muunguja huvuka safari chache kwa msimu, na Mpemba huvuka nyingi. Kila mmoja anacheza ligi ya timu 16, ila mmoja anaicheza akiwa safarini.

Kuna pia jambo la tatu. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF iliipa uanachama kamili Machi 2017, furaha ikadumu kama miezi minne, Julai ukafutwa. Mafungu ya FIFA yanayozijengea nchi nyingine ofisi na kuendesha ligi hayaji hapa moja kwa moja. Ligi inaishi kwa mdhamini, Serikali, na mifuko ya watu wanaopenda timu zao.

Mwaka wa Pemba

Ingekuwa Pemba haijui mpira, mjadala huu usingekuwapo. Jamhuri ya Wete ilichukua ubingwa wa Zanzibar mwaka 2003. Mwaka 2012 ndio uliokuwa wa neema: Super Falcon ikawa bingwa, na Januari ya mwaka huo huo Jamhuri ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi, ikafungwa 3-1 na Azam. Jamhuri imevuka hata mipaka, ikikutana na Hwange ya Zimbabwe mwaka 2012 na Saint George ya Ethiopia mwaka 2013 kwenye mashindano ya CAF. Ilifungwa, lakini ilifika.

Tangu hapo kimya. Mwenge, Chipukizi, Hard Rock, Okapi, Shaba ya Kojani, Tekeleza, Junguni: majina yanapanda, yanashuka, mengine hayarudi.

> Kuanzia 2013 hadi 2025 ubingwa ulitolewa mara 13. Mara 11 ulikwenda kwa timu za vikosi vya Serikali, mara mbili kwa Mlandege ya Unguja. Pemba haikuugusa.

Orodha hiyo ya vikosi ni KMKM, Mafunzo, Zimamoto na JKU. Hapo ndipo wengi wanaolalamikia boti wanaposahau nusu ya habari. Kijana wa Pemba mwenye kipaji haendi KMKM au JKU kwa ajili ya jezi. Anakwenda kwa sababu kikosi kinaweza kumpa ajira, na goti likiharibika bado ana mshahara. Klabu ya mtaa wa Chake, inayochangishana fedha ya maji ya kunywa, itamwambia nini?

Ujerumani wanalo jambo linalofanana na hili. Kanuni wanayoiita 50+1, iliyowekwa 1998, inataka wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi, tajiri asiinunue timu na kuiendesha peke yake. Lakini Leverkusen iliundwa na wafanyakazi wa kiwanda cha dawa cha Bayer mwaka 1904, na Wolfsburg ni timu ya mji wa Volkswagen; hizo ziliruhusiwa kubaki mikononi mwa viwanda vyao kwa kuwa vilizilea kwa miaka mingi. Mashabiki wa klabu za wanachama wananung'unika hadi leo. Sisi hatuna kanuni wala msamaha wa kanuni, tuna mazoea tu: timu yenye mwajiri inakutana na timu yenye mchango.

Jifunze kwa Tasmania

Berlin Magharibi ilikuwa kisiwa bila bahari. Tangu Agosti 13, 1961 ilizungushiwa ukuta, na mchezaji wa Hamburg au Köln hakuona sababu ya kuhamia huko. Hertha, klabu ya Berlin iliyopewa nafasi kwenye Bundesliga, ikaanza kulipa wachezaji kwa siri zaidi ya kiwango kilichoruhusiwa ili wakubali kuja. Mwaka 1965 ikabainika, ikatolewa.

Wakubwa wakaona haya kuwa na ligi ya taifa isiyo na timu ya Berlin. Kwa hiyo wakaipa nafasi Tasmania, klabu nyingine ya mji huo, ambayo haikuwa imepanda kwa mpira. Habari iliwakuta baadhi ya wachezaji likizoni. Mechi ya kwanza walijaa watu zaidi ya 80,000, na Tasmania ikashinda.

Kisha ukaja msimu wenyewe: mechi 34, ushindi mara mbili, mabao 15 ya kufunga, 108 ya kufungwa. Januari 1966, kwenye uwanja mkubwa wa Olimpiki, walikuja watazamaji 827. Rekodi hiyo ya ubovu bado ni yao.

Nimeirudia habari hii kwa sababu ndiyo inayotuhusu kuliko mabao yote ya Kane. Berlin ilipewa nafasi ya heshima. Haikupewa cha kuitumia nafasi hiyo. Na kila ninaposikia kwamba ligi moja ni ya umoja, kwamba Unguja na Pemba ni kitu kimoja na kwa hiyo lazima zicheze pamoja, najiuliza ni nani anayelipia umoja huo pale Mkoani.

Kanda au ligi moja?

Wanaotaka kanda zirudi wana hoja nzito. Wachezaji wengi wa Pemba si wa kulipwa. Ni wanafunzi, wavuvi, mafundi, wachumaji wa karafuu. Msimu wa karafuu ukichanganya, siku tatu za safari ni kipato kilichopotea. Kanda huleta watani uwanjani, Wete dhidi ya Chake, na watani ndio wanaojaza viwanja vya Gombani na Finya. Tena wanaweza kusema hata Wajerumani hawakuziacha kanda kwa haraka hivyo: daraja lao la pili lilianza 1974 kwa makundi mawili, Kaskazini na Kusini, likaunganishwa 1981 tu. Daraja la nne liko kwenye kanda tano hadi leo.

Wanaotetea ligi moja wanajibu kwamba Nane Bora ni mechi chache mno. Mshambuliaji wa Wete anayecheza na majirani zake mwaka mzima hawezi kujua kasi ya KMKM mpaka amefika mahali ambapo kosa moja linamrudisha nyumbani. Maskauti wa Bara wako Unguja. Na bingwa ndiye anayekwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Msimu wa 2025/26 walikuwa Mlandege, waliopangwa na Ethiopian Insurance, huku KMKM wakienda Kombe la Shirikisho kukutana na AS Port ya Djibouti.

Mimi niko na hawa wa pili, kwa sharti moja. Nauli ya kuvuka isiwe mzigo wa klabu. Fedha za mdhamini zikiingia, kitu cha kwanza kukatwa kiwe tiketi za boti na malazi ya timu zote 16, kabla ya zawadi ya bingwa na kabla ya posho ya yeyote. Ratiba nayo ipangwe timu ikivuka icheze mechi mbili au tatu ndipo irudi.

Bundesliga na daraja lake la pili hupata euro bilioni 1.121 kwa msimu kwa haki za matangazo ya ndani ya Ujerumani pekee, na takriban nusu ya mgao wa Bundesliga hugawanywa sawa kwa sawa, hata msimu wa 2025/26 Heidenheim na Bayern wakapokea fungu lile lile. Haijawafanya wawe sawa: Bayern walichukua ubingwa mara 11 mfululizo, kutoka 2013 hadi 2023. Lakini Heidenheim, timu ya mji mdogo kuliko Chake na vitongoji vyake, inafika uwanjani kila wiki bila kuchangisha nauli.

Gombani si ile

Hoja kwamba Pemba haina mahali pa kuchezea imekwisha. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lote lilichezwa Gombani baada ya uwanja kufanyiwa ukarabati, zikaja timu za taifa za Kenya, Tanzania Bara na Burkina Faso, na Januari 13 Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Agosti 2025 mechi za CHAN zilichezwa Amaan, Unguja, na Wapemba wenye uwezo wakavuka kwenda kuzitazama. Kisiwa kina watu zaidi ya 543,000 kwa sensa ya 2022, kiasi cha watatu katika kila Wazanzibari kumi. Watazamaji wapo. Kinachohitajika ni timu zitakazokuwa bado kwenye ligi ifikapo mwezi wa Aprili.

Wajumbe wa klabu watakaokaa na shirikisho kabla ya msimu wetu kuanza hawana haja ya kwenda na faili la Dortmund. Waende na bei ya tiketi ya boti ya siku hiyo, idadi ya watu kwenye msafara mmoja na idadi ya safari, wazidishe hapo hapo mezani.

Huku nyuma, mashabiki wa Hamburg walikuwa na tatizo lao la ratiba. Mechi yao ya kwanza tangu warudi ilikuwa ugenini kwa Borussia Mönchengladbach Jumapili ya Agosti 24, 2025, siku ile ile Bundesliga ilipotimiza miaka 62. Ilianza saa 12:30 za jioni kwa saa zetu, adhana ya Magharibi ikiwa inatoka misikitini. Mwenye banda wa Pemba anayejiheshimu huzima sauti na kufunga mlango kwanza, kwa hiyo aliyetaka kuona bao la mapema la Hamburg ilibidi aombe lisifungwe mpaka watu watoke msikitini.